Nani abaki na mtoto? Dada wa kazi, bibi kijijini au kituo cha mchana: ulinganisho wa mama wa Mbeya

Siku 84 za likizo ya uzazi huisha kabla hujazizoea. Wiki ya kumi mtoto amelala fofofo, wewe ndiye uliye macho, unapiga hesabu ya Jumatatu ya kurudi kazini: huyu abaki na nani?

Nina watoto watatu, wote nimewazaa nikiwa naishi Mbeya mjini na nikiwa nimeajiriwa. Wa kwanza alibaki na dada wa kazi. Wa pili alikaa kwa bibi yake Rungwe, akarudi, akaenda kituo. Wa tatu bado yuko mgongoni, na safari hii nimechagua kwa namna nyingine. Nimelipa, nimekosea mara mbili, nimebahatika mara moja.

Tukilinganisha walezi tunaangalia vitu vilevile: bei, usalama, umbali, mtoto atakula nini. Vyote nitavigusa. Ila naongeza swali ambalo wengi tunaliruka kwa sababu jibu lake linatia aibu. Kila nafuu ya malezi ina mtu anayeigharamia. Kama hulipi wewe, nani analipa?

Kabla hujachagua, jua ulichonacho

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Hiyo tunaijua. Tunachosahau ni kwamba ukirudi, mwajiri anatakiwa akuruhusu kunyonyesha ndani ya muda wa kazi, hadi saa 2 kwa siku. Saa 2 hizo zinageuza hesabu yote. Mlezi aliye umbali wa bajaji moja anakuwezesha kufikisha miezi 6 ya maziwa ya mama pekee. Mlezi aliye Tukuyu hawezi, hata awe malaika. Kwa mtoto wa kwanza nilikuwa sijui, na bosi hakuwa na haraka ya kuniambia. Nilikuwa najikamulia chooni ofisini na kumwaga.

Baba je? Sheria hiyohiyo inampa siku 3. Zinatosha kununua kuku wa supu na kufuatilia cheti cha kuzaliwa, halafu anatoweka kwenye mjadala, kama atakavyotoweka hapa.

Dada wa kazi wa kulala

Kwa bei, hana mshindani. Amri ya kima cha chini cha mshahara iliyoanza Januari 2023 iliweka shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri, na 120,000 kwa anayekuja na kuondoka. Viwango vya sekta binafsi vimepandishwa tena baada ya hapo. Lakini tuambizane ukweli, mitaani kwetu wapo wanaolipwa chini hata ya hiyo 60,000, na hawana habari kama kuna amri. Kwa hela hiyo unapata mtu anayeamka saa 11 alfajiri, anayefua, anayepika, anayeosha vyombo, anayembeba mtoto mchana kutwa, na usiku mtoto akikohoa analala naye chumba kimoja. Hakuna kituo kitakachokupa hayo.

Na sisi wa Nyanda za Juu Kusini tuna letu hapa. Ukiwa Dar utasikia mtu anasema "nitafutie msichana wa Iringa" kama anayeagiza mchele wa Kyela. Wachapakazi, wanasema, hawana maneno mengi. Ukimchunguza huyo wa Iringa, unakuta ni wa Mufindi, au Kilolo, au si wa Iringa kabisa, ni wa Makete au Ludewa, huko Njombe. Sifa hiyo tumeibeba mpaka tumeizoea, na sisi wa Mbeya mjini tunakwenda kuchukua hukohuko.

Wangu aliletwa na dalali, mama mmoja anayekuja na mabasi ya Makete. Nilimpa 20,000 yake na nauli. Msichana akaniambia ana miaka 18. Alikuwa mkimya, mikono myepesi, na mwanangu akamzoea hadi jioni nikirudi analia asitolewe mgongoni kwake. Mwezi wa tatu tulikuwa tunahamisha vitu chumbani, zipu ya begi lake ikaachia, vikamwagika: khanga, sweta la shule lenye nembo iliyokatwa kwa wembe, na cheti cha kumaliza darasa la saba. Cha mwaka uliotangulia.

"Una miaka mingapi?" nikamuuliza upya.

"Mama alisema niseme kumi na nane, dada."

"Nakuuliza wewe."

"Kumi na nne."

Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Kazi anaruhusiwa kuanzia 14, lakini iwe nyepesi, isimdhuru, isimzuie shule, na isiwe ya usiku, yaani kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Sasa rudi juu usome tena ratiba ya huyo anayeamka saa 11. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne kwenye shule za serikali ilifutwa tangu 2016, na yeye alikuwa amechaguliwa. Kilichomkwamisha ni sare, madaftari, na shule kuwa mbali hadi ilibidi apange chumba na wenzake. Mama yake akaona bora 50,000 yangu. Ndiyo, 50,000. Na mimi nilikuwa kwenye kundi la hao wa mitaani.

Ningependa kukuambia kwamba kesho yake nilimrudisha kwao. Nilikaa naye miezi 2 zaidi, kwa sababu ofisini kulikuwa na ukaguzi na sikuwa na mtu. Mwanangu alikuwa analelewa vizuri, tena vizuri sana, na mtoto wa mwenzangu. Januari iliyofuata nikampa nauli, hela ya sare na godoro. Vyote hivyo ningeviweza tangu siku ya kwanza.

Kwa hiyo dada wa kulala bado ni chaguo halali, ila si kwa bei ile inayotuvutia. Awe mtu mzima, na kitambulisho chake cha taifa, cha NIDA, ukione kwa macho yako, usisimuliwe na dalali. Andikianeni mkataba. Awe na siku ya kupumzika. Mshahara uingie kwenye simu yake, usipitie kwa mama yake wala shangazi. Wafanyakazi wa majumbani wana chama, CHODAWU, naye ana haki ya kujiunga. Na ukimwona binti mdogo wa jirani anafanyishwa kazi kama punda, 116 ndiyo namba ya simu ya kuwasaidia watoto, haikatwi hela. Jambo moja la kwetu kwenye baridi: mwelekeze, na umrudie tena, kwamba Juni na Julai jiko la mkaa halilali chumbani. Moshi hauonekani lakini hewa yake inaua.

Bibi kijijini

Hapa bei ni sifuri. Ndivyo tunavyojidanganya. Unampeleka mtoto akiachishwa ziwa, unaweka sukari kilo 2, sabuni na khanga, unasema "nitakuwa natuma". Mtoto anapata lugha ya kwao, maziwa, ndizi, maparachichi, na mtu anayempenda bila kusubiri mwisho wa mwezi. Kwa upendo bibi anaongoza, wala sishindani naye.

Wa pili nilimpeleka akiwa na mwaka 1 na miezi 3, kwa mama yangu, upande wa Kiwira. Baada ya miezi 4 nikaenda, nikaomba kadi ya kliniki. Mstari wa uzito ulikuwa umelala kama mbuga za Usangu. Mtoto haumwi, anacheza, anacheka. Nikakaa siku mbili nikiangalia tu. Bibi anatoka saa 12 asubuhi kwenda kuchuma chai, uji anauacha kwenye chupa. Mchana wajukuu watano wanazunguka sinia moja, mkubwa wao ana miaka 11. Wangu anapuliza tonge la kwanza, wenzake wako la nne. Sinia likiisha, naye ananawa mikono kama wenzake.

"Mama, huyu hali."

"Anakula na wenzake, mwanangu. Ninyi wote mlikula hivyohivyo."

Na ni kweli tulikula hivyohivyo. Ndiyo shida yenyewe. Kwenye utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2022, udumavu, yaani mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake, kwa watoto chini ya miaka 5 ulikuwa asilimia 56.9 Iringa, 50.4 Njombe na 49.8 Rukwa, wakati wastani wa nchi ni 30. Hii ni mikoa ya mahindi, viazi, maharage, maziwa. Malori yanashuka kwenda Dar usiku kucha yamejaa chakula chetu. Chakula kipo. Kinachokosekana nyumba nyingi ni mtu wa kukaa mbele ya mtoto na kijiko. Mama yuko shambani, au kwenye chai, au kwenye mbao, na mdogo anaachiwa kaka yake pamoja na ugali na viazi, asubuhi hadi jioni. Mtoto wa mwaka mmoja tumbo lake ni dogo. Anatakiwa kula mara nyingi, vyakula mchanganyiko, na asigombanie.

Dawa ilikuwa sahani yake mwenyewe, yai, na 40,000 kila mwezi kwa mama ili aache chai. Alikataa mwanzoni, akasema hawezi kulipwa kwa kumlea mjukuu. Nikamwambia hiyo si ya mjukuu, ni ya chai anayoiacha. Akanyamaza, kisha akauliza kama itakuja tarehe moja kila mwezi. Mstari wa kadi ukaanza kupanda mwezi wa pili.

Kwa hiyo bibi si bure. Ni 40,000, na sukari, na nauli zako za kwenda kuangalia. Ukimpeleka bila hiyo, anayelipa ni yeye kwa vibarua anavyokosa, na mtoto kwa urefu wake.

Tena bibi zetu hawasemi hapana. Utafiti wa UKIMWI wa 2022 hadi 2023 uliikuta Njombe na maambukizi ya asilimia 12.7 kwa watu wazima, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, wakati nchi nzima ni 4.4. Nyuma ya namba hizo kuna miaka mingi ya misiba. Huko Makete utamkuta bibi aliyelea wa kwake, akalea walioachwa na marehemu wanawe, na sasa analetewa wa walio hai huku mjini. Kabla hujamwongezea wako, hesabu vichwa vilivyopo uani kwake. Uliza zahanati iko umbali gani, na nani hasa yuko nyumbani saa 6 mchana. Jibu likiwa "watoto wenzake", usimwache.

Kituo cha mchana

Aliporudi alikuwa karibu anatimiza miaka 2, nikamwandikisha kituo karibu na kazini. Ada 40,000 kwa mwezi, uji 10,000, nguo za kubadilisha unafunga mwenyewe. Getini kumechorwa twiga na simba wazuri kweli. Wiki ya tatu nikapita saa 8 mchana bila kupiga simu. Watoto 30 na kitu, mlezi mmoja, televisheni inawaka, wadogo wamelazwa kwenye mkeka juu ya saruji, na ilikuwa Julai. Nikauliza cheti cha usajili, nikaambiwa kinashughulikiwa. Nikamvika mwanangu viatu tukaondoka.

Cha pili sikukipata kwa bango, nilielekezwa na afisa ustawi wa jamii. Ukutani hakuna hata twiga mmoja. Watoto 14, walezi 2, kila mtoto ana kigodoro na kikombe chenye jina lake kwa rangi ya kucha. Ada ilizidi ile ya kwanza kwa 5,000 tu. Alikaa pale hadi alipoanza darasa la awali, na sijawahi kujuta.

Sheria ya Mtoto inataka vituo hivi visajiliwe, na ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri inajua vilivyosajiliwa. Anzia huko. Kisha nenda mwenyewe saa 8 mchana, si asubuhi, maana asubuhi kila kituo ni kizuri. Mimi kipimo changu nimekiazima kwenye programu ya taifa ya malezi na makuzi ya awali, PJT-MMMAM, iliyozinduliwa Desemba 2021 kwa watoto wa miaka 0 hadi 8. Inataja mambo matano: afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Vituo vingi vinakuonyesha la nne tu, mtoto akiimba ABC mbele ya wageni. Uliza la tatu: mtoto akilia, nani anamnyanyua? Ukikaa dakika 20 utapata jibu bila kuuliza.

Kwa upande wa haki kituo kinajitahidi zaidi ya wenzake wawili, maana mlezi ni mtu mzima, analala kwake, na anajulikana kuwa yuko kazini. Ila usisahau kumuuliza mwenye kituo anawalipa nini. Ada ikiwa ndogo mno, aliyepunjwa ni yule anayebadilisha nepi.

Na ada ndiyo inayochuja. Darasa la awali kwenye shule ya serikali halina ada, lakini mtoto huanza akiwa na miaka 5. Kati ya kuachishwa ziwa na siku hiyo kuna miaka 3 hivi ambayo kila mzazi anajitegemea. Mmoja anafuatwa na gari la njano mlangoni. Mwingine amelala juu ya gunia la viazi pale soko la Uyole, mama yake akipigia kelele wateja. Miaka 3 baadaye wanakaa dawati moja, na mwalimu anashangaa kwa nini mmoja anajua kushika penseli.

Kwa mwenye meza sokoni

Kwako nitasema wazi, mama wa soko la Sido au la Uyole: kati ya kumbeba na kumwachia dada yake, mbebe. Dada yake wa darasa la tatu akibaki nyumbani siku za gulio, mnapoteza shule ya mmoja ili kumpa mwingine nusu ya mlezi. Nimeona kina mama wanne wakichanga hela kumlipa mwenzao mmoja mzee akae na watoto wao kwenye kibanda nyuma ya soko, kwa zamu ya kuleta unga na maziwa. Ni wazo zuri. Wakienda ofisi ya ustawi wa jamii mapema, wataelekezwa namna ya kuliweka sawa kabla halijawa kubwa.

Bweni

Wapo wanaouliza shule ya bweni kwa mtoto wa miaka 4 au 5, hasa wanaosafiri kibiashara Tunduma. Swali limeshajibiwa: waraka wa elimu namba 2 wa 2023 ulizuia bweni kuanzia darasa la awali hadi la nne. Tuendelee.

Ningekuwa wewe

Chini ya mwaka mmoja, mtafute mtu mzima wa kutwa aliye karibu na nyumba au kazi, na zidai zile saa 2 za kunyonyesha kwa maandishi. Ni ghali kuliko dada wa kulala, karibu mara mbili, na ndiyo bei halisi. Kuanzia miaka 2, kituo chenye cheti, chenye watoto wachache, hata kama hakina twiga. Kwa bibi mpeleke mtoto likizo za Desemba, na mwezi mmoja bibi akiwa na nguvu. Zaidi ya hapo, mlipe tarehe moja kila mwezi na umuombe kadi ya kliniki. Dada wa kulala ni kwa wenye kazi za zamu, manesi na wengine, ambao kituo kinafunga kabla hawajatoka. Kama huwezi kumlipa mtu mzima, hiyo ina maana huna uwezo wa dada wa kulala. Haina maana utafute mdogo zaidi.

Kwa huyu wa tatu nimempata mama wa makamo anayetoka Ilemi, anafika saa 1 kasoro asubuhi, anaondoka saa 11 jioni. Tulipokutana, kabla ya kutaja mshahara, nilimuuliza ana watoto wangapi. Akasema wanne, wa mwisho ana mwaka mmoja na nusu.

"Na huyo wa mwisho, ukija huku, anabaki na nani?"

Akacheka kidogo, akaangalia chini. "Na dada yake. Yuko darasa la nne, ila siku nyingine anakwenda shule."

Anakuja naye. Siku ya kwanza alimkalisha mlangoni kwenye ndala zake, asiguse zulia, mpaka nilipomsogeza mwenyewe. Sasa kuna sahani mbili ndogo kwenye rafu, ya kijani na ya njano, na unga wa uji unaisha wiki moja kabla ya mwezi. Yule wa darasa la nne nilimuulizia juzi. Wiki nzima hajakosa shule.